Amejichora nembo za bibi yake mkononi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 51, mzaliwa wa Newala, naishi Mtwara mjini. Nina mabinti wawili. Mkubwa ana miaka 23, amemaliza stashahada yake Dar es Salaam na amerudi nyumbani wiki tatu zilizopita. Kila siku anavaa mikono mirefu kwenye joto hili la kwetu. Siku ya tano nikamkuta anafua, nikaona. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka kwenye kiganja, amechora tatuu. Puani ametoga, ana kipini.*

*Si ua wala jina la mwanaume. Amechora nembo za uso wa mama yangu, zile chale za Kimakonde, mstari kwa mstari, kazitoa kwenye picha ya simu. Mume wangu, ambaye ni baba yake wa kambo, mtu wa Lindi na wa swala tano, ameacha kula chakula anachopika mtoto. Anasema kipini ni uhuni na kwa tatuu ile udhu wake haushiki. Kaka yangu kapiga simu kutoka Newala, anataka zifutwe kabla ndugu hatujakutana mwezi ujao. Jirani kanielekeza kwa mtu anayeuza dawa ya kufutia. Na mtoto mwenyewe alikuwa ajiandae kuomba Polisi.*

*Linaloniuma zaidi ni mama yangu, ninayekaa naye. Alipouona ule mkono alicheka mpaka machozi, akasema, "Umekosea, hii ya shavuni umeigeuza." Shangazi, mimi nilipokuwa shule nilimkataza mama asije kwenye vikao vya wazazi kwa sababu ya uso ule. Leo mwanangu kaubeba mkononi. Nifanye nini zifutike? Na mdogo wake wa miaka 15 anataka piko la Idi, nimruhusu?*

*Mama Wawili, Mtwara*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na jirani yako, maana huyo ndiye mwenye haraka. Usiinunue hiyo dawa. Wino wa tatuu haukai juu ya ngozi kama hina, umeingizwa kwa sindano mpaka tabaka la chini, na krimu ya kupaka haiufikii. Kinachoweza kuufikia ni asidi, nayo haichagui, inakula wino na nyama pamoja. Utabaki na mtoto mwenye kidonda, kisha kovu, na ndani ya kovu michirizi ya wino bado inaonekana. Njia inayofanya kazi ni mwanga wa leza kwa daktari wa ngozi. Mwanga unauvunja wino vipande vidogo, mwili unavisomba polepole. Hapo ni kurudi mara nyingi, kila safari wiki kadhaa baada ya nyingine, gharama yake si ndogo, na ngozi nyeusi kama zetu huweza kubaki na mabaka. Kwa hiyo agizo la kaka yako, zifutwe mwezi ujao, halitekelezeki hata mngekuwa na hela ya kumwaga. Mwambie hivyo hivyo.

Badala ya kwa muuza dawa, mpeleke mtoto hospitali. Muulize bila ukali alichorewa wapi, na kama sindano ilifunguliwa mbele yake. Vifaa vilivyotumika kwa mwingine vinaweza kupitisha VVU na homa ya ini aina ya B, na kirusi cha homa ya ini kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 bado kikiwa na nguvu. Apime vyote viwili. Ikiwa hajatimiza miezi mitatu tangu achorwe, arudie baadaye. Na kuhusu pua aliyotogwa, muulize maswali hayo hayo.

Tena mtazame ngozi. Mimi nilitogwa masikio Lindi nikiwa darasa la pili, kwa sindano ya kushonea na uzi mweusi, na jirani mmoja ambaye hata mikono hakunawa. Sikio la kulia lilipona. La kushoto likaota donge ambalo mpaka leo nalifunika kwa mtandio, na watu wanadhani ni ucha Mungu. Madonge yale, ambayo ni kovu linalokua kuliko kidonda chenyewe, huwapata zaidi watu weusi na mara nyingi hufuatana na ukoo. Mkiona mistari ya mkononi inavimba na kuwasha, au pua inaota kitu pembeni ya kipini, aende mapema. Wala asikate chochote.

Kuhusu Polisi sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi huandika wazi kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Mkono mzima hauwezi kufichwa mbele ya daktari wa usaili. Kama alikuwa hajui, ameumia. Kama alijua akachora, basi Polisi ilikuwa ndoto ya nani hasa? Muulize. Isije kuwa wewe ndiye unayelilia sare ambayo yeye hakuwahi kuitaka.

Sasa baba wa nyumba. Ana haki ya kukasirika, kwa sababu amefichwa siku kadhaa ndani ya nyumba yake. Hapo binti amekosa, na kosa lake ni ile mikono mirefu. Aende mwenyewe, aamkie, aseme, "Baba, nilipaswa kukwambia." Kwenye dini mimi siwezi kushindana na mumeo. Hadithi ya kulaaniwa mchoraji na mchorwaji ipo, iko kwa Bukhari na kwa Muslim, na hata wenzetu Wakristo wana yao kwenye Mambo ya Walawi 19:28. Lakini hilo la udhu aliulize msikitini kabla hajaendelea kulisema mezani. Masheikh wengi husema udhu unashika, kwa kuwa wino uko chini ya ngozi na maji yanafika juu yake, na kwamba aliyekwisha kuchora hutubu, wala halazimiki kujiumiza ili afute. Mwombe mumeo aende na swali hilo kwa sheikh anayemwamini, halafu nyinyi mfuate atakachojibiwa. Chakula aanze kula leo. Mtoto hajatia wino kwenye mchuzi.

Kipini nilicheka, samahani. Mtu wa Lindi anakiita kipini uhuni? Kipini cha pua ni pambo la wanawake wa pwani hii tangu bibi zetu. Mjerumani Karl Weule alipopita Masasi na Newala mwaka 1906 aliwakuta wanawake wa kule wanavyo, na akavitaja kwa jina hilo hilo, chipini. Mumeo akumbuke vizuri pua za shangazi zake.

Nimebakiza kaka yako. Naelewa uzito wake, kwa Wamakonde mjomba akisema amesema, na mtoto ni wa upande wenu. Ila huyu mjomba anayetaka nembo zifutwe kwenye mkono wa mpwa wake, mama yake mzazi anazo usoni. Hicho kikao kifanyeni kwako, Bibi akiwa amekaa kitini katikati, na mumwache kaka yako arudie maneno yale ya kwenye simu.

Lakini usije ukadhani nakupa fimbo ya kumshindia. Najua hoja inayokuja, binti atasema, "Mbona Bibi anazo?" Mimi hoja hiyo siikubali kirahisi hivyo. Bibi hakuchagua. Alikuwa mtoto, akakalishwa, akashikwa, akachanjwa kwa wembe mdogo, masizi yakasuguliwa kwenye damu. Zilipofifia akarudishwa wembeni ili ziive vizuri. Wenzake wa rika walipita hapo hapo, na asiye nazo ndiye aliyeonekana kituko. Nembo zilimfanya afanane na watu wake. Mwanao kaketi peke yake kwenye kiti Dar es Salaam, kalipa hela, katoka akiwa tofauti na kila mtu kwenye daladala. Hayo ni mambo mawili ambayo yanafanana kwa mistari tu. Akijidanganya kwamba amerudi kwenye mila, Bibi mwenyewe atamcheka, na ameshamcheka.

Lakini na uhuni pia si. Muhuni gani anakaa na picha ya bibi yake, anaikuza kwenye simu, anahesabu mistari ya paji la uso?

Nimefika kwenye ile sentensi yako, mdogo wangu, uliyoiweka karibu na mwisho kana kwamba imeponyoka. Ulimkataza mama asije shuleni. Nawajua wengi wa rika lako waliofanya hivyo, na baadhi wamenieleza wakiwa watu wazima, wanalia. Nyinyi ndio mliotoka na nyuso laini. Wembe ulikuwa umeachwa, shule na dini zilishasema ni ushamba, na mjini Mmakonde alikuwa neno la kuchekea, mtu akimuona mama yako anauliza kama ametoka Msumbiji jana. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu, ulitaka kupita bila kutazamwa. Sikulaumu. Ila Bibi alijua. Mama haambiwi asije kwenye kikao akashindwa kujua ni kwa nini.

Ndiyo maana kile kicheko kimekuchoma. Watu wamemtazama Bibi usoni maisha yake yote, wengine wakamuomba na picha, na huyu mjukuu ndiye aliyemtazama kwa karibu kiasi cha kukosea mstari na kusahihishwa. Angekasirika ungejua pa kusimama. Amefurahi, nawe umebaki peke yako upande ule wa aibu uliodhani mko wote.

Wewe unataka zifutike. Unajua za nani?

Sikutumi ukapige magoti. Bibi wa umri ule ukimwendea na hotuba ya samahani atakuuliza kama umeumwa. Siku moja mnamenya mihogo, muulize nani alimchanja. Ilikuwa kijiji gani, alilia au alijikaza, ile ya shavuni inaitwaje na mtoto kaigeuza vipi. Kama kwenye mdomo wa juu bado ana alama ya ndonya, kile kipande cha mti walichovaa mdomoni, muulize na hiyo, ilikuwa ya mti gani na aliitoa lini. Binti awe karibu, arekodi kwa simu. Wazee wenye nyuso zile wamebaki wachache sana, na wakiondoka tutabaki na vinyago. Kinyago kimoja tu cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984, kikaonekana Uswisi, na Tanzania ikahangaika nacho mpaka kikarudi 2010. Miaka 26 kwa kipande cha mti! Na wewe uso wenye nyama na damu unaishi nao, unaupikia uji.

Mkishazungumza, mwambie binti kitu kimoja kutoka kwangu. Asiongeze mchoro mwingine mpaka ajue huu wa kwanza unasemaje. Kazini pia ajiandae, wapo mabosi watakaomwambia ashushe mikono ya shati, na benki au hoteli fulani hazitamwita tena. Ajibu kwa upole na aendelee kutafuta. Mikono mirefu ya ofisini haina neno. Ile ya nyumbani aivue.

Piko la Idi sasa. Hina mruhusu, ile ya majani ya kusaga, yenye kutoa rangi ya kahawia iliyoiva, hutoka yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Piko jeusi tii ndilo la kuogopa, kwa sababu wapambaji wengi huchanganya rangi ya nywele ya dukani. Rangi ile imetengenezwa kwa ajili ya nywele. Kwenye ngozi ya baadhi ya watu hutoa malengelenge yenye umbo la ua lilelile lililochorwa, na makovu yanaweza kubaki. Mwambie mpambaji aonyeshe anachokoroga. Akificha paketi, mrudi nyumbani mkatwange mihina wenyewe.