Maswali na majibu: Petroli ya gari la zamani

Gari langu ni la 1987, la kabureta. Nikitia oktani 98 badala ya 91 litaongeza nguvu?

Haliongezi. Swali hili limeshajibiwa mara nyingi mno: oktani si kipimo cha nguvu, ni kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kujiwakia yenyewe. Injini iliyoundwa kwa 91 haina cha kufanya na hiyo 98. Pesa hizo nunulia mipira mipya ya kupitishia mafuta. Sababu iko huko chini.

Kitabu cha gari, lililotoka Marekani, kinataka 87. Pampu za hapa zinaanzia 91. Si kali mno?

Ni petroli ileile. Oktani hupimwa kwa njia mbili, RON na MON. Marekani huandika wastani wa hizo mbili; kwingi duniani huandikwa RON peke yake, ambayo husomeka juu zaidi kwa pointi 4 au 5. Angalia herufi kabla ya namba.

Injini inagonga nikipanda mlima. Nipandishe oktani?

Kwanza, unatia iliyoandikwa kitabuni? Kama unatia na mlio bado upo, kama kokoto kwenye kopo, basi kuna ugonjwa: taimingi (wakati wa cheche kuwasha petroli) iliyotangulizwa mno, masizi juu ya pistoni, injini inayochemka, au kabureta inayobania mafuta. Oktani ya juu itanyamazisha mlio na kukuachia ugonjwa. Magari mapya yana sensa inayosikia kugonga na kurudisha taimingi nyuma. Kwenye lako sensa ni sikio lako, na ukilipuuza pistoni itatoboka. Na yeyote anayekushauri uchanganye mafuta ya taa ili kubana matumizi, usimsikilize. Yanashusha oktani, na kugonga kutazidi.

Langu la 1968 lilitumia petroli yenye risasi. Nifanyeje?

Usiitamani. Risasi hudhuru akili za watoto, na Algeria, nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021. Kwenye injini ilikuwa pia kinga ya siti za valvu, yaani pale valvu zinapokaa zikifunga. Bila hiyo, siti laini huliwa taratibu, hasa kwa anayekimbiza gari safari ndefu. Mwambie fundi apime nafasi ya valvu kila sevisi. Ikiwa inazidi kupungua, silinda hedi ifunguliwe na siti ngumu ziwekwe. Kwa safari fupi za polepole, huenda usifike huko kwa miaka mingi.

E10 ina shida gani hasa?

Ni petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hunyonya maji, na hushambulia mipira na gaskiti za zamani. Niliwahi kushika mpira wa mafuta uliotolewa kwenye gari la miaka ya sabini: kwa nje mweusi, mzima kabisa. Nilipoukunja, nyufa zikafunguka kama udongo wa kiangazi na vidole vikalowa petroli. Mpira huo ulipita sentimita chache juu ya bomba la moshi. Magari huungua hivyo, na watu ndani yake. Tafuta petroli isiyo na ethanoli au E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5. Usipoipata, badilisha mipira yote kwa ile yenye alama ya R9, inayostahimili ethanoli, kuanzia tangini mpaka kwenye kabureta, wiki hii.

Petroli imekaa tangini miezi minane. Niwashe tu?

Usiwashe. Itoe yote, safisha kabureta, tia mpya.