Mkuu hizo bia mbili achana nazo, kapime triglisaridi (mafuta yaliyoko kwenye damu) kwanza

Mkuu weka hiyo glasi chini kwanza. Umesema HDL yako, ile kolesteroli wanayoiita nzuri, ipo chini, 0.8, jamaa kakwambia bia mbili kila jioni zitaipandisha.

Mimi niliambiwa hivyo hivyo na mwalimu wa gym pale Sinza, kwa kujiamini utadhani kasomea udaktari, eti mvinyo mwekundu glasi mbili usiku unasafisha mishipa. Na kweli pombe inapandisha HDL, hapo hakudanganya, ila hakuniuliza triglisaridi zikoje na mimi kwenye karatasi ya maabara niliangalia mstari mmoja tu. Zilikuwa 4.9, wakati zinatakiwa zisizidi 1.7!!

Glasi mbili zikawa tatu, wikiendi bia na kitimoto. Usiku mmoja tumbo likanikamata hapa juu chini ya kifua, maumivu yanapenya mpaka mgongoni, nimejikunja kwenye bajaji natapika njia nzima. Hospitali wakanitoa damu, binti wa maabara akainua kile kichupa nikaona kwa macho yangu, juu imetanda nyeupe kama tui la nazi. Triglisaridi 19, kongosho limevimba. Siku sita za dripu, mwanzoni hata uji sipewi, ada ya mtoto yote ikaishia pale. Nilipomwonyesha yule mwalimu karatasi akaniambia labda nilikunywa mvinyo wa bei rahisi. Nilitetemeka kwa hasira.

Daktari ndo akanielewesha, ini likipata pombe linashughulika na hiyo kwanza, mafuta yanaacha kuchomwa, tena linatengeneza mengine na kuyamwaga kwenye damu. Na mtu asikwambie "kunywa ila ule vizuri", mtafiti mmoja wa ini anaitwa Lieber kule New York miaka ya 1970 aliwapa nyani pombe pamoja na lishe kamili na maini yakajaa mafuta vile vile, ya wengine yakaharibika kabisa yakawa makovu. Hata HDL kupanda siyo dhamana, 2006 kampuni ya dawa ya Pfizer walisimamisha majaribio ya dawa yao ya torcetrapib, ilipandisha HDL vizuri sana na waliokufa wakawa wengi zaidi kwa waliokuwa wanaitumia.

Kwa hiyo kaa siku tatu bila pombe, usiku wa mwisho usile, asubuhi kapime mafuta yote, siyo HDL peke yake. Namba ya triglisaridi ilete hapa kabla hujafungua chupa yoyote, nipo nasubiri.