China kwa mto na kwa miguu: anza na mlima wa Emei, malizia na meli ya Yangtze

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama bado mtu anaweza kuzunguka China na begi la mgongoni tu, kama meli za kawaida zipo kwenye mto Yangtze au zimebaki zile za kitalii za bei ya juu, na kama Mwislamu atapata cha kula akipanda mlima wa mahekalu. Nimesoma Wuhan miaka minne, na safari unayoipanga niliifanya Agosti 2014 pamoja na mwenzangu wa Tanga, Mwislamu anayeswali. Nakujibu kwa tuliyopitia. Bei zimebadilika tangu wakati ule, lakini njia ni ileile.

Inawezekana. Ila umeandika kwamba unataka kuanza na meli kisha upande mlima. Geuza. Ukishuka kutoka Emei magoti yatakuuma hata kukaa chooni, na hapo siku tatu za kukaa kwenye sitaha ukitazama majabali yakipita ni tiba. Halafu mto unakushusha kuelekea mashariki, na kutoka Yichang, mji ulio mwisho wa safari ya mto, unakamata treni ya kwenda popote.

Sisi tulitoka Wuhan kwa treni ya usiku hadi Chengdu, kitanda kigumu, vitanda vitatu juu kwa juu. Chukua cha katikati: cha juu dari inakugusa kichwa, na cha chini abiria wote wanakalia mchana kutwa. Kutoka Chengdu ni basi la kama saa mbili hadi Leshan, na Leshan usiipite hata kama una haraka. Hapo ndipo mito mitatu inakutana, Min, Dadu na Qingyi, na kwenye jabali linaloitazama mito hiyo kumechongwa sanamu ya Buddha aliyeketi yenye urefu wa mita 71. Mtawa mmoja aitwaye Haitong ndiye aliyeanzisha kazi mwaka 713, kwa sababu maji ya makutano yale yalikuwa yanameza mashua. Alikufa kazi haijaisha. Ilikamilika mwaka 803. Kilichonishika zaidi ni kwamba ndani ya nywele na nyuma ya masikio ya sanamu kuna mifereji iliyofichwa ya kutoa maji ya mvua ili jiwe lisioze. Mafundi wa miaka 1,200 iliyopita. Panda mashua ndogo uitazame ukiwa mtoni, maana kwenye ngazi za pembeni foleni yake ni ya kukatisha tamaa.

Emei iko chini ya saa moja kwa basi kutoka hapo. Ni mmoja wa milima minne mitakatifu ya Wabuddha wa China, na huu ni wa Puxian, mmoja wa watakatifu wakubwa wa Kibuddha, ambaye utamwona kila mahali amepanda tembo mweupe. Kilele cha Dhahabu, Jinding, kiko mita 3,079. Watu wengi hupanda basi hadi Leidongping, mita 2,430, wakatembea kidogo, wakaingia kwenye kijumba kinachoning'inia kwenye nyaya, wakapiga picha na kurudi siku hiyohiyo. Usifanye hivyo, nakusihi. Mlima huu ni njia, na mahujaji wenyewe wanaufahamu hivyo. Kwa lugha yao safari hii ni kuzuru mlima na kutoa udi, na udi hautolewi kileleni tu, unatolewa katika kila hekalu njiani. Anayeruka hadi juu ameruka hija yenyewe.

Tulianzia chini, Qingyinge, mahali vijito viwili vinakutana chini ya kibanda cha hekalu. Kutoka hapo njia inapita kwenye korongo jembamba kiasi cha kuona utepe tu wa mbingu, inafika Hongchunping, halafu zinaanza kona ambazo wenyeji wanaziita Kona Tisini na Tisa. Sikuzihesabu. Ni ngazi za mawe, si njia ya udongo, na hili ndilo watu wa kwetu hawalitarajii. Nimewahi kupanda Kilimanjaro hadi Mandara na nikadhani nimejiandaa. Kwenye udongo mguu unajichagulia hatua. Kwenye ngazi kila hatua ni kimo kilekile, msuli uleule, saa saba mfululizo, na mawe yana ukungu na kuvu linaloteleza. Nunua bakora ya mwanzi chini kabisa, ni yuan chache, na viatu viwe na meno.

Pale kwenye Kona Tisini na Tisa ndipo tulipokutana na kundi la akina mama kama kumi, wengi wao zaidi ya miaka sitini, kila mmoja na mfuko wa njano begani umejaa vijiti vya udi. Walikuwa wanapanda polepole na hawasimami. Sisi tulikuwa tunakimbia ngazi mia, tunakaa, tunakimbia tena, na kila tukikaa wanatupita wakisema "Amituofo", ambayo ndiyo salamu ya Mbuddha kwa Mbuddha. Mara ya nne mmoja akasimama akaniambia, "Kijana, usishindane na mlima. Pumua, hatua. Pumua, hatua." Nikamwita ayi, yaani mama mdogo, ndivyo unavyomwita mwanamke wa umri ule, na tukafuatana nao hadi giza linaingia. Sikuchoka tena kama mwanzo.

Tulilala hekalu la Xianfeng, mita 1,752. Mahekalu mengi ya njiani yanapokea wageni. Kitanda kwenye chumba cha pamoja tulilipa yuan 40 kila mmoja, na blanketi la umeme lilikuwepo, Agosti hiyo. Chakula ni cha watawa: wali, tofu, maboga, machipukizi ya mianzi, mboga za majani. Hakuna nyama ya aina yoyote, hakuna hata kitunguu saumu, kwa sharti lao wenyewe. Hapa ndipo jibu la swali lako la tatu. Mwenzangu, aliyekuwa ameishi kwa wasiwasi Chengdu nzima kwa sababu Sichuan mafuta ya nguruwe yanaingia hata kwenye mboga, alikula sahani tatu kwa amani. Aliwaeleza kuwa yeye ni Mwislamu na angependa mahali pa kuswali. Mtawa kijana akampa chumba kitupu na kumwonyesha kwa mkono jua linakozamia. Hakuna aliyemtaka asujudu mbele ya sanamu. Mjini tafuta maandishi 清真, yanasomwa qingzhen, mara nyingi kwenye kibao cha kijani: ndiyo halali. Maduka ya tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou yako karibu kila mji, mengi yanaendeshwa na Waislamu, na ndiyo yaliyotulisha nje ya mlima.

Nyani. Utasoma vitisho vingi, na vina msingi. Karibu na Xixiangchi, mita 2,070, wako wengi, wakubwa, wenye mikia mifupi, na wamezoea kunyang'anya. Wanachokijua ni mfuko wa plastiki. Kila kitu kiwe ndani ya begi lililofungwa, mikono mitupu na wazi, usimtazame machoni, usicheke ukionyesha meno, endelea kutembea. Msichana mmoja mbele yetu alikuwa na mfuko wa matunda. Ulikwenda kwa sekunde mbili na mkono ukabaki na mikwaruzo. Ukikwaruzwa, osha kwa sabuni papo hapo na utafute hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kileleni tulifika siku ya pili alasiri na hatukuona kitu. Ukungu mtupu. Kuna sanamu ya Puxian ya mita 48, ya rangi ya dhahabu, na tulikuwa miguuni pake bila kuiona kichwa. Akina mama wale walifika, wakawasha udi wao, wakapiga magoti kwenye mawe yaliyolowa, wakazunguka sanamu kwa utaratibu wao kana kwamba jua linawaka. Tukakodi makoti mazito tukalala hukohuko juu. Saa kumi na moja alfajiri ayi alikuja kugonga mlango mwenyewe. Mawingu yalikuwa yameshuka chini yetu, meupe, yamejaa hadi upeo wa macho kama bahari iliyotulia. Nimezaliwa Bukoba, nimekulia kando ya ziwa, na hata hivyo sikuwa na neno.

Kushuka tulipitia Wannian. Ingia kwenye ukumbi wa matofali usio na boriti hata moja uone Puxian wa shaba juu ya tembo wa pembe sita: tani 62, aliyetengenezwa mwaka 980.

Sasa meli. Kutoka Emei tulikwenda Chongqing, mji uliojengwa juu ya vilima pale mto Jialing unapoingia Yangtze, na gati kuu linaitwa Chaotianmen. Wakati wetu kulikuwa na aina mbili za meli. Za kifahari zilikuwa na waongozaji wanaosema Kiingereza na bei yake ilikuwa ya dola. Za kawaida zilibeba Wachina wenyewe, wastaafu wengi, matangazo yote kwa Kichina. Sisi tulichukua ya kawaida, chumba cha vitanda vinne, chini ya yuan 500 kila mmoja, siku tatu usiku mbili. Nunua tiketi kwenye ofisi yenye dirisha gatini, na pasipoti mkononi. Usinunue kwa mtu anayekufuata barabarani. Siku ya kwanza tulimwamini mmoja, akatuuzia "chumba cha dirisha" ambacho hakikuwepo, na tukapoteza nusu ya pesa. Uliza pia meli inaishia wapi. Yetu iliishia Maoping, upande wa juu wa Bwawa la Makorongo Matatu linalouzuia mto huu, halafu basi hadi Yichang.

Nilipompigia mama kumwambia napanda meli alinyamaza muda mrefu. Watu wa Bukoba mtanielewa. Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani, haijatoka kwetu. Aliniambia, "Mwanangu, hesabu maboya kwanza." Niliyahesabu kabla hata ya kuweka begi kitandani, nikaangalia milango ya kutokea, nikamrudia kumwambia idadi. Nawe fanya hivyo, popote.

Beba tambi za kikombe, matunda na chupa yako. Maji ya moto ni bure kila sitaha. Chakula cha ndani ni ghali na kina pilipili.

Makorongo ni matatu. Qutang ni fupi kuliko yote, kilometa nane tu, na ndiyo kali zaidi: mlango wake, Kuimen, majabali mawili yaliyosimama kama miimo, ndiyo picha iliyo nyuma ya noti ya yuan 10. Abiria wote walitoka na noti zao wakazilinganisha na jabali. Korongo la Wu ni refu, la ukungu na vilele. La Xiling linafikia bwawa.

Lakini nilichokuja kukuandikia hasa ni mzee niliyelala naye chumba kimoja. Nilimwita yeye, na hilo ndilo neno la Kichina la babu, linasikika kama letu kabisa. Aliposikia natoka Tanzania akasema papo hapo "Tan-Zan tielu", reli ya TAZARA. Kizazi chake wanaijua kuliko vijana wa kwetu. Alikuwa mtu wa Fengjie, mji wa machungwa, na alikuwa mmoja wa watu zaidi ya milioni moja waliohamishwa maji yalipopandishwa. Ujenzi wa bwawa ulianza 1994, mji wa kale wa Fengjie ulibomolewa 2002, na maji yalifika kimo cha mita 175 kwa mara ya kwanza Oktoba 2010. Utaona vibao vyeupe vya namba hiyo kingoni njia nzima.

Kiangazi wanayashusha hadi karibu mita 145 ili kuacha nafasi ya mafuriko, kwa hiyo Agosti kingo zina mkanda wa udongo mtupu wa kimo cha mita 30, bila mti wala jani. Alfajiri ya siku ya pili aliniamsha, tukasimama upande wa kushoto. Hakusema kitu mpaka tulipopita kilima fulani. Akanyoosha kidole: kwenye ule udongo kulikuwa na ngazi za mawe, kama ishirini hivi, zinatoka majini na kuishia hewani. Ngazi za shamba la machungwa la baba yake. Alisema kila mwaka hupanda meli hii mwezi wa nane, aende zake hadi mwisho, arudi.

Januari 2016 nilipita tena mahali pale, kwa bahati mbaya peke yangu. Makorongo yalikuwa mazuri kuliko mara ya kwanza, maji ya kijani, machungwa mapya yanauzwa kila gati. Mto ulikuwa umejaa hadi kwenye vibao. Nilisimama kushoto tangu alfajiri na sikuweza hata kukitambua kile kilima.

Kwa hiyo chagua mwezi wako ukijua hilo, na wiki ya kwanza ya Oktoba usiende kabisa, China yote inasafiri. Ukienda Agosti, meli ikikaribia Fengjie, simama upande wa kushoto.