Albamu ya kuanzia kuhusu umri wa makamo

Ndugu, umeuliza kama ipo albamu nzima inayoutazama umri wa makamo bila kulialia. Ningekushauri uanze na September of My Years, ambayo mwimbaji wa Marekani Frank Sinatra aliitoa mwaka 1965, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 50. Humo umo wimbo uliotungwa na Ervin Drake, It Was a Very Good Year, ambao kundi la Kingston Trio, vijana bado, lilikuwa limekwisha kuurekodi mwaka 1961; ukizisikiliza rekodi hizo mbili kwa kufuatana, utaona jinsi maneno yale yale yanavyopata uzito mwingine kinywani mwa mtu aliyekula chumvi kidogo. Msimulizi anakumbuka alipokuwa na miaka 17, kisha 21, kisha 35, halafu anarukia majira ya majani kupukutika, maisha yake akiyafananisha na mvinyo uliokaa, wala hautaji tena umri wake. Kwangu mimi, kunyamaza huko ndiko kunakochoma. Gordon Jenkins ndiye aliyepanga muziki, na katika baadhi ya nyimbo nyingine, nakiri, fidla zake zimezidi.