Kupiga tulifunzwa. Kukoma je?

Mhariri, salamu kutoka Mombasa. Swali lenu la wiki liliuliza: "Mpiganaji hodari huzaliwa na kipaji, au hufinyangwa na mazoezi?" Nilikuwa nakanda unga wa mahamri nilipolisoma, nikauacha unga pale pale nikatafuta kalamu. Alhamisi iliyopita kitindamimba wangu, msichana wa miaka 11, alirudi kutoka mazoezi ya karate, akaivua suti yake nyeupe, akaikunja vizuri, akaipandisha juu ya kabati na kuniambia hatarudi tena. Mwalimu wake, ambaye sitamtaja wala ukumbi wake, alimwambia mbele ya wenzake kwamba miguu yake ni mizito, kipaji hana, asijisumbue.

Kwa hivyo jibu langu lilikuwa tayari hata kabla sijaimaliza sentensi yenu. Hufinyangwa! Waliotuletea michezo hii wenyewe walikuwa watu wa kuchekwa. Jigoro Kano alikuwa na umbo dogo, na shuleni wenzake walikuwa wakimwonea. Ndiyo sababu akatafuta namna ya mnyonge kumwangusha mwenye nguvu, na mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 21, akaanzisha ukumbi wake wa judo mjini Tokyo. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate kisiwani Okinawa na kuionyesha Tokyo mwaka 1922, alikuwa mtoto wa maradhi maradhi. Wangepelekwa kwa mwalimu wa mwanangu, wote wawili wangeambiwa wakae nyumbani.

Hayo niliyaandika kwa hasira na bado nayaamini. Lakini nilipotaka kuongeza mfano wa maisha yangu mwenyewe, kalamu ilisita, kwa sababu mfano nilionao ni mmoja tu na hauniungi mkono kama nilivyotaka.

Nilifanya karate miaka sita, katika ukumbi mmoja kule Tudor, mimi na shoga yangu ambaye mpaka leo tunaitana somo. Tulianza siku moja, mkanda mweupe. Tulikuwa wanawake wanne kati ya wanaume thelathini na kitu. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa bandarini, anakuja mazoezini na vumbi la makasha bado liko shingoni. Hakuwahi kumwambia mtu ana kipaji wala hana. Alihesabu kwa Kijapani, ichi, ni, san, na sisi tukapiga hewa mpaka jasho likafanya sakafu iteleze.

Ila macho tulikuwa nayo. Somo alikuwa na kitu. Chukua kufagia mguu, ule mtindo wa kumpiga mtu teke la pembeni kifundoni akaanguka. Ukifagia mguu uliokwisha kukanyaga, ni sawa na kupiga mnazi teke. Ukifagia mguu ulio hewani, hujafanya kitu. Sharti uupate wakati uzito wa mtu unaushukia na bado haujatulia, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mimi niliufanya vizuri sana na mwenzangu aliyenisubiri. Somo aliufanya na mtu yeyote, wakati wowote, akiwa anacheka. Nilimuuliza anauonaje. Akaniambia, "Sijui, shoga. Naona tu anataka kukanyaga."

Sasa niwaeleze usiku wenyewe. Ilikuwa Ramadhani ya 2004, kumi la mwisho, na anayeijua Mombasa anajua Barabara ya Digo inavyokuwa nyakati hizo. Watu wamemaliza tarawehe, maduka yako wazi, kina mama wanahangaikia nguo za Idi za watoto. Tulikuwa tumetoka Marikiti tukakata njia ya ndani kuelekea Kibokoni, mimi na mkoba wangu wa mkanda mrefu nilioupitisha kifuani, maana niliamini hivyo ndivyo salama. Hela za nguo za watoto watatu zilikuwa mle.

Kijana alitokea nyuma. Umri wake labda miaka 17, fulana ya manjano, ndara miguuni. Alishika mkanda akavuta, na kwa kuwa mkanda ulikuwa umenizunguka, hakuvuta mkoba, alinivuta mimi. Nilipiga magoti chini. Miaka sita ya karate, na mkono wangu haukufanya lolote ila kung'ang'ania ule mkanda. Masikio yalikuwa kama yamezibwa na pamba, vidole havina hisia. Baadaye nilielewa kwamba mwili ukishtuka hivyo ndivyo unavyofanya, damu inakimbilia misuli mikubwa na kazi ndogo ndogo za vidole zinapotea. Wakati ule niliona aibu tu.

Somo alipiga hatua moja. Kijana alikuwa anageuka ili akimbie, mguu wa kushoto unashuka, na somo akaufagia. Ndani ya buibui! Kijana alianguka chali, kichwa kando ya mtaro, na ngumi ya somo ikamfuata chini. Hapo nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, kwa hivyo naweza kusema nilichoona. Ngumi ilisimama upana wa kidole kutoka puani mwake. Bangili mbili za kioo ziliteleza mpaka kwenye kiwiko zikagongana, na yule kijana akafumba macho. Haikushuka zaidi. Somo alibaki hivyo hivyo, ngumi hewani, akihema.

Mngenikata maneno hapo, hadithi ingekuwa nzuri, nami ningewaandikia barua nyingine kabisa.

Mimi nilipiga kelele. Niliita, "Mwizi!"

Msomaji wa hapa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Walitoka barazani, walitoka dukani, walitoka kwenye kahawa. Hawakuwa wahuni. Walikuwa baba zetu na ndugu zetu, kofia vichwani, wengine tasbihi bado iko mkononi. Teke la kwanza lilimpata mbavuni. Mmoja alikuja na nondo ya kufungia mlango wa duka. Mwingine, kijana mdogo kuliko huyu aliyelala chini, alikuwa amebeba tofali kwa mikono miwili. Somo aliwapigia kelele, "Basi! Mkoba upo! Basi!" Hawakumsikia. Mzee mmoja alidhani ana hasira ya kuibiwa, akampa bakora yake aanze yeye. Somo aliyewaangusha wanaume wa Tudor wenye kilo 90 alisimama na ile bakora mkononi hajui aifanye nini, na mimi bado nimepiga magoti, na neno nililolitoa lilikuwa limekwisha kutoka.

Aliyeyakomesha ni bibi muuza viazi karai. Alikuwa pembeni na jiko lake. Aliinuka akaacha karai motoni, akavua leso ya begani, akamfunika yule kijana, akakaa chini vumbini, kichwa cha kijana akakipakata mapajani. Akasema, wala hakupaza sauti, "Mjukuu wangu huyu. Nipigeni mimi."

Hakuwa mjukuu wake. Hakumjua. Lakini mwenye tofali alisimama, maana pa kulitupia hapakuwepo tena. Mtu mmoja akasema, "Jamani, mwezi mtukufu huu." Mwingine akasema twende zetu. Walitawanyika polepole, kila mmoja akitazama upande wake. Kijana alitoka damu sikioni, akapewa maji, akaondoka akichechemea na ndara moja. Viazi vilikuwa vimeungua vyote, harufu imejaa kichochoro kizima. Tulimlipa yule bibi viazi vyake, akapokea, akahesabu, kisha akanitazama mimi, si somo. "Wewe ndiye uliyewaita. Mbona hukuwarudisha?"

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii, na sasa nyinyi mmeniongezea lenu.

Nikiligawa tukio lile vipande vipande, siwezi tena kuwaambia kipaji hakipo. Mimi na somo tulifunzwa kufagia na mtu mmoja, saa zile zile, sakafu ile ile. Yeye aliona mguu unataka kukanyaga, mimi sikuwahi kuona. Nikisema nilihitaji mazoezi zaidi nitakuwa najidanganya. Kwa hivyo mwalimu wa mwanangu, katika hilo moja, hakusema uongo, ingawa namna alivyolisema ilikuwa ya ukatili, na kwa mtoto wa miaka 11 namna ndiyo kila kitu.

Lakini ile ngumi iliyosimama haikuwa kipaji. Ile ilikuwa mazoezi matupu. Kwa miaka sita tulipiga kuelekea usoni mwa wenzetu kwa nguvu zote na kusimama kabla hatujagusa. Anayegusa alipigishwa pushapu hamsini, na akirudia alirudishwa nyumbani. Mwili wa somo ulikuwa umesimamisha ngumi mara elfu nyingi kabla ya usiku ule. Funakoshi alikuwa akifundisha kwamba katika karate hakuna shambulio la kwanza, na Mwalimu wetu akiongeza kwamba hakuna pia la ziada. Hata marehemu babu yangu, aliyecheza kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, kwenye maharusi ya Mji wa Kale, zumari likilia na ngoma zikidunda, alikuwa akisema fimbo ya fundi hugusa na kuondoka. Mwenye kumuumiza mwenzake hakusifiwa na mtu, aliambiwa hajui kucheza.

Na sheria yenyewe iko hapo hapo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamruhusu mtu kutumia nguvu kujilinda yeye na mali yake, kwa kufuata misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), na misingi hiyo inataka nguvu ilingane na hatari. Kijana akiwa chali na macho kayafumba, hatari imekwisha. Teke la mbavuni na lile tofali havikuwa kujilinda. Walioyafanya walikuwa ndio wahalifu, na aliyewaita ni mimi.

Kuna jambo jingine ambalo binamu yangu muuguzi alinieleza, nami naliweka hapa kwa ajili ya wazazi wa wasichana. Kanada walifanya utafiti katika vyuo vikuu vitatu, matokeo yakatoka mwaka 2015. Wanawake 893 waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa mafunzo ya kujikinga na ubakaji, ya saa 12 tu. Baada ya mwaka, waliobakwa katika kundi lililofunzwa walikuwa kama asilimia 5.2, na katika lile jingine asilimia 9.8. Hawakuchaguliwa kwa wepesi wa miguu. Na sehemu kubwa ya zile saa haikuwa ya kupiga. Ilikuwa ya kuitambua hatari mapema, na kupata ujasiri wa kumkatalia mtu unayemjua bila kuogopa kumvunjia heshima. Hilo la mwisho, kwa malezi yetu ya pwani, lingetaka saa 12 peke yake.

Basi mkitaka kujua nani atapata medali, nawaachieni kipaji chenu. Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, Seoul 1988, na mpaka leo Kenya haijapata dhahabu nyingine ya ndondi kwenye Olimpiki. Sitasimama barazani kubishana kwamba mkono ule ungeweza kuwa wa mtu yeyote aliyejitahidi. Lakini kwa msichana anayepita kichochoro usiku, jibu langu si lile nililoanza nalo, wala si la yule mwalimu. Mkoba siupitishi tena kifuani. Nauning'iniza bega moja, uende peke yake. Hela za nguo si shingo yangu. Akiwa na kisu, mpe, rudi nyuma, kimbilia penye taa. Na hayo nayasema mimi niliyefanya karate miaka sita na ambaye ningerudia miaka hiyo kesho.

Msinishike sana kwa neno hilo, lakini. Kuna kichochoro kisicho na pa kukimbilia, na kuna mtu asiyetaka mkoba. Huko simkatazi mwanangu kupiga, na ningependa awe na hata robo ya jicho la somo.

Jumamosi tuliishusha suti juu ya kabati. Nimempeleka kwa mwalimu mwingine, na amekubali kwa sharti kwamba nikae ndani nimtazame. Miguu yake ni mizito kweli. Jioni, nyumbani, tulifanya zoezi letu wenyewe, la sauti, mpaka jirani akagonga ukuta. Nimemfunza aite, "Nisaidieni!" Akaniuliza kwa nini asiite "Mwizi!" kama watu wote, maana neno hilo ndilo linaloleta watu haraka. Nikamwambia akae, nikaanza kumsimulia habari za yule bibi wa viazi.