Jibu: Patasi na randa za mtumba zinafaa, au ni kutupa hela?
Zinafaa sana mkuu, tena kutu isikutishe. Ile ya juujuu hutoka kwa siki na brashi ya waya. Cha kuogopa ni vishimo kwenye bapa la nyuma ya patasi, karibu na makali. Hapo utanoa mpaka uchoke. Randa igeuze, kagua tumbo (upande unaoteleza juu ya mbao) na mdomo (tundu la kutokea wembe) kama kuna ufa, maana chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hakiungiki kirahisi. Msumeno wenye ncha za meno nyeusi uache, meno hayo yamekaushwa, hata tupa ya kunolea misumeno haiyanoi. Ukiona maandishi ya Sheffield, mji wa Uingereza unaosifika kwa vyuma vya makali, usishangilie mbele ya muuzaji, bei itapaa! Lalamikia mpini uliopasuka ili ashushe bei, halafu kachonge mwingine nyumbani. Kwa Dar, anzia Gerezani kwa mafundi chuma, uulizie hapo.