Kustaafu na kuishi kwenye boti mwambao wa Tanzania: usinunue mwendo

Mkuu, umeuliza kama mstaafu anaweza kununua boti ya injini yenye vyumba vya kulala na kuzunguka mwambao polepole badala ya kujenga nyumba za kupangisha, na kama ile boti ya injini mbili za petroli uliyoonyeshwa inafaa. Inawezekana. Mimi na mama watoto ndiyo maisha yetu tangu nilipotoka kwenye kazi ya ufundi wa injini za meli. Ila hiyo boti uliyoonyeshwa iache.

Nianze na mafuta, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokwama. Boti yetu ni ya mbao, ina urefu wa mita 11 na injini moja ya dizeli. Chombo kizito cha namna hii hakiparazi juu ya maji, kinayakata, na mwendo wake wa mwisho unapangwa na urefu wake. Chetu hakivuki noti (maili za baharini kwa saa) saba na nusu hata ukikanyaga vipi. Kikienda noti tano na nusu kinakunywa lita nne au tano kwa saa. Ukikipeleka noti saba, matumizi yanazidi mara mbili, na ulichopata ni kufika saa moja mapema mahali ambapo hakuna anayekusubiri. Sasa chukua injini mbili za petroli zenye nguvu ya farasi 150 kila moja: ukizifungulia, zinaweza kumaliza zaidi ya lita 60 kwa saa. Hiyo si boti ya pensheni. Halafu mvuke wa petroli ukijikusanya kwenye chumba unacholala, cheche moja tu inatosha. Dizeli haina hatari ya namna hiyo, na ukikwama Kilwa Masoko au Lindi hukosi fundi wa malori anayeijua.

Dizeli ya kubeba kwenye madumu usiimimine tankini moja kwa moja. Iache itulie usiku kucha, imimine kupitia chujio, na ile ya chini kabisa ya dumu iache humo humo. Maji kidogo kwenye mafuta yanazima injini, na mara nyingi ni pale bahari ikichafuka, kwa sababu ndipo uchafu wa tanki unapotibuka.

Kuhusu majira, hapa ndipo polepole inapokuwa na maana. Mkondo wa mwambao wetu unaelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, unakuwa na nguvu sana; wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, unalegea. Kwa hiyo kwenda kusini, yaani Unguja, Mafia, Kilwa hadi Mikindani, tunangoja Desemba hadi Februari, upepo wa kaskazi ukiwa tezini, yaani nyuma ya boti, na mkondo ukiwa dhaifu. Tukitoka nje ya miamba siku upepo umekaza, mawimbi yanakuwa mafupi na ya kusimama kwa sababu upepo na mkondo vinagongana, basi tunapita ndani, kati ya fungu na fungu la mchanga. Masika tunaiacha boti Mikindani, ghuba iliyofungika vizuri, na tunarudi nyumbani kwa basi. Juni na Julai wala sijaribu. Safari ya kurudi ni kusi likishapungua, kuanzia mwisho wa Agosti, mkondo unakusukuma na nyangumi bado wanapita.

Kila siku tunaondoka alfajiri, tukisogea kwa muda wa saa nne au tano, basi. Adhuhuri nanga iko chini. Usiku hatutembei hata kidogo. Giza la mwezi mchanga ndilo la wavuvi wa dagaa, nyavu ziko kila mahali na nyingine hazina taa. Wavu ukishajisokota kwenye rafadha, lile panga la kusukuma boti, umejiharibia safari na umemharibia mwenzako riziki yake.

Sasa maji kujaa na kupwa, nakuomba hili ulisome mara mbili. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yetu yanapanda na kushuka hadi karibu mita 4. Ukitia nanga mahali penye kina cha mita 4 maji yakiwa yamepwa, yakijaa utakuwa juu ya mita 8, na mnyororo unaotakiwa ni mita 40, si ule wa mita 15 wanaokuuzia na boti. Tia nanga kwenye mchanga au tope. Matumbawe yanavunjika na mnyororo unanasa.

Chukua mfano wa kuingia ghuba ya Chole kule Mafia. Mlango wake, Kinasi, unatazama mashariki na mkondo wake ni mkali. Siku za bamvua, maji yanapotoka, boti ya noti tano inasimama pale pale huku injini inalia. Sisi tunangoja maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana. Siku hizo maji yanajaa kuelekea saa nne asubuhi na hayana kishindo. Tunaingia kama saa tatu, jua likiwa mgongoni, na hapo ndipo unapoisoma bahari: bluu nzito ni kina, kijani cheupe ni mchanga, na mabaka ya kahawia ni mwamba. Mke wangu anasimama omo, mbele kabisa ya boti, na miwani yake ya jua, anaonyesha kwa mkono kushoto au kulia, wala hatupigiani kelele. Jua likiwa usoni, rangi zote zinakuwa fedha tupu na huoni kitu. Na unaingia maji yakiwa bado yanajaa, kwa sababu hata ukigusa, yatakuinua. Ukigusa yakiwa yanapwa, umepwelewa, utakaa upande upande hadi usiku. Ikibidi kungoja wiki nzima ili maji yakubaliane na jua, tunangoja. Mstaafu ana utajiri huo, na boti yenye kasi haiwezi kuununua.

Ukifika kijijini, shuka ukasalimie kwanza: mwenyekiti wa kijiji na wazee wa wavuvi. Ukiwa ndani ya hifadhi ya bahari, kama Mafia, lipa tozo na ufuate maelekezo. Vaeni kwa heshima. Kilwa Kisiwani tunatia nanga mbele ya Gereza, ile ngome ya kale, na ngalawa zinazokuja na changu au pweza ndizo soko letu. Maziwe, nje ya Pangani, tunapita mchana tu; ni fungu la mchanga lisilo na mti, maji makubwa yakijaa linafunikwa, na mayai ya kasa yanayotagwa pale watu huyahamishia ufukwe wa Ushongo, bara, ili yaanguliwe salama.

Pesa: mkupuo, ile pesa unayolipwa mara moja ukistaafu, ndio ununue boti, tena usiumalize wote. Pensheni ya mwezi usiiguse kwa ununuzi, hiyo ni ya dizeli, rangi ya chini ya boti, zinki za kuzuia chuma kuliwa na maji chumvi, impela za pampu na kupandisha chombo nchi kavu kila mwaka. Dawa za presha beba za miezi mitatu. Hospitali za mkoa zipo Tanga, Lindi na Mtwara, ila katikati pale kuna vipande virefu vya pwani vyenye zahanati tu.

Na shemeji je? Hujamtaja popote kwenye swali lako. Anatakiwa aweze kuwasha injini, kung'oa nanga, kusoma kifaa cha kupima kina na kuita msaada kwenye redio, chaneli 16, wewe ukiwa umelala na homa. Asipopenda maisha haya, boti itauzwa kabla ya masika ya pili. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi, ngoja Novemba bahari ikiwa shwari, kodi chombo cha taratibu chenye nahodha wake, mkae wiki moja kati ya Tanga na Pangani. Mwache yeye ashike usukani zaidi yako.